Dirisha la Mlango Ulioinama

Jiwe lilipasua dirisha la loda yetu Jumamosi, na lori la kuibeba kwenda Embu lilikuwa lije Jumanne saa tano asubuhi. Kithaka, msimamizi wa ujenzi huko Embu, mtaa wa Dallas, alinipigia simu. "Mama, mashine bila dirisha la mbele haiingii kwangu. Mawe yanaruka."

Sikubishana naye. Anayeketi ndani ya mashine ni binti yangu Kinya, na macho ni yake. Tena hiyo ilikuwa kandarasi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Loda ingebaki hapa kwetu Makutano, mwingine angechukua nafasi kabla ya chakula cha mchana.

Ni loda ndogo ya kuchota mchanga, inayogeuka papo hapo iliposimama. Dereva huingia kwa mbele, kwa hivyo dirisha ndilo mlango. La kiwandani halipatikani tena kwa mashine ya umri huo. Lile lililopasuka, marehemu mume wangu Gitobu alilitengeneza kwa mikono yake miaka kumi na tatu iliyopita.

Naftaly, fundi wa kuchomelea aliye jirani na duka langu la ushonaji, alipima fremu kwa futi na kukata polikaboneti, ile plastiki ngumu isiyosambaratika. Jumanne saa mbili tukaijaribu. Kona moja ikaacha mwanya wa kupitisha kidole. Kona ya pili ikakataa kuingia kabisa. Plastiki iliyobaki ilitosha dirisha moja tu.

"Nitasaga hapa, nijaze silikoni pale," Naftaly akasema.

"Hutajaza kitu. Ulipima wapi?"

"Juu na ubavu mmoja. Mlango ni mlango, Mama Kinya."

"Mteja wangu akija na bega moja limeinama, nipime lile zima nimshonee yote mawili?"

"Hii ni mashine, si sketi!"

Kinya alicheka. Mimi nikaanza kuvuta mpira wa zamani wa kushikia dirisha kwenye fremu ili nione kasoro iko wapi. Chini kabisa mpira ulikuwa umeshika ukanda wa dirisha la Gitobu, na ukanda huo bado ulikuwa na ile karatasi ya kahawia ambayo plastiki huja imebandikwa. Mahali palipofichwa na mpira hakuibandua. Juu ya karatasi palikuwa na mstari wa vidoti vidogo, vimefuatana sawasawa kama nyayo za mdudu.

Nina diploma ya ushonaji. Vidoti hivyo nimevipiga maisha yangu yote, kwa kigurudumu changu chenye meno, kile cha kuhamishia mistari kutoka kiolezo hadi kitambaa.

Mwaka ule Gitobu alikuwa akisawazisha kiwanja huko Laare. Alirudi na kiwiko kimefungwa kitambaa. "Loda imekwaruzwa na ukuta kidogo tu," akaniambia. Wiki hiyo hiyo nikakuta kigurudumu changu kimepinda meno na karatasi zangu za violezo zimepungua. Kinya alikuwa na miaka kumi na alipenda kuchezea vitu vyangu. Sikuuliza mara mbili. Nilimchapa fito tatu, na gauni jipya nililokuwa nimshonee Krismasi nikamnyima, akavaa la mwaka uliopita.

Ukuta haupindi mlango namna ile. Loda ilikuwa imepinduka naye ndani. Aliinyoosha fremu ikakataa, basi badala ya kuniambia, akaamua kukata dirisha lililoinama kama mlango wenyewe. Na kiolezo alijifunzia wapi? Kila jioni aliketi kwenye kiti cha wateja akitafuna njugu, akinitazama nikikata. Miaka yote hiyo nilidhani anangoja nifunge duka twende tukanywe chai.

"Mama?" Kinya akaniita. "Saa tatu hii."

"Nileteeni mfuko mtupu wa simiti."

Niliupasua, nikautandaza juu ya fremu na kuubana kwa utepe wa gundi. Nikapitisha kigurudumu ukingoni pote, kile kile chenye meno mawili yaliyopinda, kisha nikatoa milimita tatu kila upande kwa ajili ya mpira. Naftaly alikata akifuata vidoti, akapiga kingo msasa, akatoboa matundu makubwa kidogo kuliko bolti, maana plastiki hutanuka juani. Kwa mpira tulitumia blada, vipande vya tyubu ya lori ambavyo watu wa miraa hufungia mizigo kwenye bodaboda.

Saa tano kasorobo dirisha liliingia. Nililisukuma kwa kiganja kila kona. Halikucheza.

"Sketi imekaa," Naftaly akasema.

Kinya aliingia, akafunga, akainua bakuli la mbele la kuchotea na kulishusha. Alipofungua nikamsogelea.

"Kigurudumu kile hukukipinda wewe."

"Najua."

"Ni baba yako. Nilikuchapa bure. Nisamehe."

"Najua ni yeye, Mama. Nilimshikia karatasi." Alizima injini. "Alisema ukijua imepinduka utaiuza."

"Ningeiuza kesho yake."

"Ndiyo maana nikanyamaza."

Nikalipangusa dirisha vumbi la msasa kwa kiganja. Honi ya lori ikalia barabarani.

"Gauni uliloninyima lilikuwa liwe la rangi gani?" akauliza.

"Manjano. Lenye mikono ya puto."

"Mikono ya puto! Afadhali nililikosa. Basi mimi na Baba hatudaiani."

Walipoondoka nilirudi dukani na ule mfuko wa simiti. Kila kiolezo hukiandika jina la mwenyewe na kasoro ya umbo lake, nisije nikasahau. Niliandika: Loda ya Kinya. Imeinama kushoto, isinyooshwe. Nikakitundika msumarini pamoja na vya wateja wengine, na ule ukanda wa karatasi ya kahawia nikaubana nyuma yake kwa pini.