Noti Zilizolala Nyuma ya Moyo Mtakatifu

Gratien Lacasse na dada yake Fernande waliingia dukani kwangu, hapa Rouyn, mji wa migodi wa kaskazini, mwezi wa Aprili, theluji bado imelala barabarani. Kazi yangu ni kuthamini noti na sarafu za zamani. Gratien tulijuana. Fernande alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Montréal, na hakuvua koti.

"Mama alifariki Januari," Gratien aliniambia. "Nilipoteremsha picha yake ya Moyo Mtakatifu ukutani, nilizikuta hizi nyuma yake."

Zilikuwa noti za dola kumi kumi za mwaka 1935, zile zilizochapwa kwa Kifaransa. Hizo ni adimu. Nikavaa glavu.

"Ala! Umekuwa daktari wa upasuaji?" Gratien akanitania. "Tuambie basi, mgonjwa atapona?"

Fernande hakucheka. "Fanya upesi, bwana, tuondoke. Hiyo ni bei ya roho ya baba."

Baba yao, Aldéric, alifukiwa na mwamba mgodini wao wakiwa wadogo. Mwenye mgodi akampelekea mjane bahasha ya noti mpya, bado zinanukia wino. Mama yao akaapa kwamba fedha ya damu hailiwi. Akafua nguo za watu, akalisha watoto watatu maharage na mkate, noti zikabaki nyuma ya picha. Kisha kitinda mimba wao, Lucien, akaugua koo, akafa.

"Shangazi alinieleza nilipopata akili," Fernande alisema, macho dirishani. "Daktari alitaka fedha, na fedha ilikuwepo ukutani. Mama hakuitoa. Nikaondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na saba, na hata misa yake ya mazishi sikuja."

Nikaendelea na kazi. Noti ambayo haijapita mikononi mwa watu haijifichi: pembe zake ni kali, karatasi ni ngumu, na ukiilaza chini ya taa huoni hata kovu. Namba za noti hizi zilifuatana. Niliwaambia kila moja ingeweza kufika dola mia nne. Gratien akapiga mluzi.

Kwenye ya mwisho nikasita.

"Hii ina kasoro. Imekunjwa, ikakunjwa tena. Na oneni hapa, matundu ya pini, na kutu kidogo. Maji nayo yameigusa. Hii itashuka sana, labda dola sitini. Kuna mtu aliibana kwenye nguo akatembea nayo."

"Nani?" Fernande aliuliza kwa ukali. "Nani angethubutu?"

Gratien alivua kofia. Utani ulikuwa umemwisha.

"Mama. Siku ya Lucien. Mimi ndiye niliyemshikia koti akiibana ndani ya gauni. Alikwenda kwa miguu, theluji magotini. Daktari alikuwa ameitwa shamba la mbali kuzalisha mtu. Mama akamngoja mlangoni kwake hadi jua likazama. Aliporudi, Lucien alikuwa mikononi mwangu, mwili umeshapoa."

"Na hukuniambia? Miaka yote hii, Gratien?"

"Nilidhani unajua! Mama hakutaka habari ile itajwe. Nikadhani unanyamaza kama sisi tulivyonyamaza."

Fernande alinyoosha mkono. Kwa kawaida simruhusu mtu kushika noti bila glavu. Siku hiyo nilimpa tu. Akakaa nayo mapajani, akalia bila sauti, midomo ameibana kama mtu anayeona haya.

Kisha akauliza, "Mama wameshamzika?"

"Ardhi bado ni jiwe," Gratien alijibu. "Jeneza liko kwenye banda la makaburini, linangoja barafu iyeyuke."

Zile safi niliwatafutia mnunuzi, na fedha ikalipia jiwe la kaburi la Lucien, ambalo msalaba wake wa mbao ulikuwa umeoza. Ile iliyokunjwa Fernande hakuiuza.

Mwezi Mei walinialika mazishini. Mvua ilinyesha kutwa. Padri alipomaliza, Fernande alimwomba mchimba kaburi sepetu, akaanza kurudishia mwenyewe udongo mzito, uliolowa.

"Inatosha, dada, utavunja mgongo," Gratien alimwambia.

"Niache. Alipokuwa hai sikumsaidia kitu."

Tukamwacha.