Jasho la Mashoto

Jezi za timu ya taifa zilifika kwa dobi kila Jumatatu asubuhi, zimesokomezwa kwenye viroba, na kazi ya kwanza ilikuwa kugeuza soksi ndani nje ili nyasi zidondoke. Dobi aliifanya uani, amekaa kwenye kigoda, karai katikati ya miguu. Juu yake, mwisho wa kamba, ilining'inia jezi kuukuu namba kumi na moja ambayo haikuwahi kukauka tangu enzi za kombe la kwanza. Chini yake kulikuwa na ndoo. Ikijaa, aliimwaga.

Jezi ilikuwa ya kaka yake. Watu walimwita Mashoto kwa ajili ya mguu wake wa kushoto, na goli lililoleta kombe lile alilifunga yeye. Sherehe hazijaisha, ikagundulika kwamba amezaliwa ng'ambo ya mto, nchi jirani. Mama yao aliolewa huko kwanza, akarudi na mtoto mgongoni, kisha akaolewa tena upande huu na kumzaa dobi. Tumbo lilikuwa moja, lakini ofisi haziulizi tumbo. Maofisa walimchukua Mashoto jezi yake ikiwa bado kambani, wakamvusha daraja, na katika historia ya timu ikaandikwa kwamba siku ile wapinzani walijifunga wenyewe.

Jezi ikaendelea kutoka jasho lake. Dobi alizoea kumsoma kaka yake humo. Matone yakifuatana haraka, alijua yuko kazini, pengine anabeba mizigo. Yakidondoka moja moja, amelala. Zamani ndoo ilijaa kabla ya adhuhuri. Siku hizi ilifika jioni ikiwa nusu, maana Mashoto naye alikuwa anazeeka. Dobi alitaka jambo moja tu hapa duniani: kaka yake arudi nyumbani kabla jezi haijakauka. Alimkumbuka sana, hasa saa za kula. Aliwahi kuvuka daraja kwenda kumtafuta, akaambiwa huko nako walimwona mgeni, amesogea mbele zaidi, wapi hasa hakuna ajuaye.

Wakati wote huo timu ilikuwa inafungwa. Hata sare zilisherehekewa.

Halafu ikaja wiki ambayo maji ya bomba yalikatika. Viroba vilikuwa vimejaa, na dobi hakuwa mtu wa kusubiri aitwe mvivu. Akasuuza jezi za timu kwa maji ya ile ndoo. Jumapili yake timu ikashinda manne kwa bila. Wachezaji wote walipiga kwa mguu wa kushoto, kipa pia, na kila baada ya goli walikimbilia kwenye kibendera cha kona wakipiga kelele kwa lugha ya ng'ambo, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua. Walikuwa wanasema, "Njooni mle, chakula kinapoa." Ndivyo mama alivyokuwa akiwaita dobi na kaka yake. Mtangazaji aliwaeleza wasikilizaji kwamba hiyo ni kauli ya kale ya mashujaa.

Kesho yake katibu wa chama cha mpira alikuja uani na madumu matupu.

"Dada, ulifulia maji gani?"

"Jasho la kaka yangu."

Katibu akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya sukari. "Basi tutayahitaji kila wiki."

"Na mimi namhitaji mwenyewe."

"Mambo polepole, dada. Tuchukue kombe kwanza. Subira huvuta heri."

"Heri yenyewe inaota mvi, bwana katibu."

Kombe lilichukuliwa. Likachukuliwa na jingine. Timu ikawa tishio, na makocha wa nchi za mbali wakaja kujifunza siri ya mguu wa kushoto. Maneno ya mama yalichapwa kwenye skafu, watoto wakayaimba shuleni, waziri akayafungia hotuba. Pale darajani, aliyeyatamka kwa lafudhi ya kuzaliwa nayo alirudishwa alikotoka.

Kila kombe likija dobi aliuliza, na kila akiuliza kulikuwa na kombe jingine mbele. Mwisho akachoka. Akaacha kufua, na ile ndoo akawa anaimwaga mtaroni, mbele ya macho ya dereva aliyetumwa kuchukua madumu. Haikupita wiki, katibu akarudi, safari hii amevaa suti.

"Kikao kimekaa, dada. Wamekubali."

Dobi alisimama. Akashika kamba. "Anakuja lini?"

"Nani?"

"Kaka yangu!"

"Aa. Yule faili lake bado linashughulikiwa. Kilichopita ni jasho. Jasho limepewa uraia."

Hafla ilifana. Jezi ilisimamishiwa wimbo wa taifa, ikapigwa picha ya kitambulisho huku inachuruzika, ikapelekwa makao makuu ya chama na kufungiwa kwenye kabati la kioo. Bomba jembamba lilipitishwa kutoka chini ya kabati hadi chumba cha kufulia, na dobi akapewa ajira ya kudumu humo. Kibali cha kuigusa jezi alikiomba, akanyimwa, kwa sababu ya undugu wake na mgeni. Ajira aliikubali. Pale bombani ndipo palipokuwa pamebaki pa kumgusa kaka yake.

Asubuhi moja maji yalitoka ya moto. Dobi alikinga kiganja mpaka akawa na hakika, kisha akapanda ngazi kwenda ofisini.

"Kaka anaumwa. Ana homa kali."

Katibu alishuka naye, akachovya kidole. "Pole sana, dada," alisema, na alionekana anamaanisha. "Lakini ya moto yanatoa madoa vizuri."

Alipoondoka, dobi alichukua kitambaa, akakichovya kwenye maji baridi, akakikamua na kukizungusha kwenye bomba. Kilipopata joto akakichovya tena. Alikaa hivyo muda mrefu, akimwambia kaka yake polepole anywe maji, asilale kwenye sakafu, ajifunike. Kisha akaacha mkono mmoja pale pale kwenye bomba, na kwa mwingine akaanza kuloweka jezi, kwa kuwa Jumapili kulikuwa na mechi.