Mtoto Asiyedeka

Watu wa Kibokoni walimsifu Nabiha mpaka Saadia akatamani kuziba masikio. Mtoto ana adabu! Mtoto hana sauti! Miaka saba tu, na anakaa mkekani kama bibi harusi, miguu kaikunja, mikono mapajani. Saadia alimjibu kila mmoja "Alhamdulillahi", kisha akarudi jikoni na moyo mzito. Wao walimwona mtoto mtulivu. Yeye mamake alimwona mgeni.

"Bi Saadia, naweza kunwa maji?" Nabiha huuliza, amesimama mbele ya mtungi wa nyumba ya babake mwenyewe. Akishakunywa husema ahsanta. Mtoto gani huyo anayemshukuru mamake kwa maji?

Kosa halikuwa la mtoto, wala la mtu yeyote ukitaka haki. Alipozaliwa Nabiha, Saadia alishikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka, na watu wakaanza kunong'ona habari za sanda. Wifi yake, Bi Mwanaisha, mjane asiye na mtoto, alimchukua yule mchanga akaenda naye kwake Kuze. Saadia akapona. Lakini angekuwa na uso gani wa kwenda kumnyang'anya mjane mtoto aliyemkeshea? Ikapita Idi, ikapita nyingine, na Nabiha akawa analetwa kumbusu mkono mamake, kisha anarudishwa kwa mwanamke aliyemwita mama.

Sasa Bi Mwanaisha alikuwa amekufa, na mtoto amerudi. Matangani hakulia. Waliokuja kuhani wakasema, mashaallah, ana subira huyu. Alikuja na kifurushi kimoja, na ndani yake leso kuukuu ya marehemu, imechujuka hata maua yake hayajulikani. Akilala huisokota shingoni, pua imezama ndani.

Afaf wa nyumba ya pili alikuwa na watoto wakorofi ajabu. Akianguka mmoja, mtaa mzima husikia "Mamaa!", na Afaf naye hupiga kelele kwamba watamtoa roho. Saadia alisikiliza nyuma ya ukuta na kumwonea wivu, wivu mbaya wa kumfanya mtu aombe toba. Watoto wale walideka kwa sababu walijua wana mtu. Nabiha alipojikwaa ngazini goti likachanika, alijifuta damu mwenyewe, kimya, kisha akaomba radhi kwa kuchafua sakafu.

"Atazoea, Mama Nabiha," alisema mumewe Hamid, mwenye duka la leso, ambaye tangu reli ianze kuleta watu wa bara alikuwa haonekani nyumbani ila kwa chakula. Ni yeye peke yake aliyemwita hivyo.

Alhamisi moja, siku ya kutayarisha nguo za Ijumaa, Nabiha akiwa chuoni kwa Kurani, Saadia aliona amfanyie mtoto jambo zuri. Aliichukua ile leso, akaifua kwa sabuni, akaisuuza mpaka maji yakatakata, akaianika juu ya paa. Ilipokauka alipindua tenga, akaitandaza juu yake, akaweka chetezo cha makaa chini, akatia udi wake mzuri, ule aliobakisha tangu harusi yake, akaifukiza. Nguo ya mpendwa haiendi mwilini bila udi, ndivyo alivyolelewa. Aliikunja akaiweka juu ya mto, akakaa kusubiri, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto aje alijiona mama wa mtu.

Nabiha alirudi, akambusu mkono, akaenda chumbani. Saadia alimsikia akinusa. Akanusa tena, haraka haraka, kama anayetafuta kitu. Kisha ikatoka sauti ambayo nyumba ile haijapata kuisikia.

"Umem'fua mama! Umem'fua mama yangu, hayupo tena!"

Saadia alikimbilia mlangoni. Hapo ndipo alipofahamu. Ndani ya kitambaa kile kulikuwa na jasho la Bi Mwanaisha na mafuta yake ya nazi, na mtoto alikuwa hajamzika bado. Yeye Saadia ndiye aliyemzika leo, kwa sabuni na udi.

Mtoto akamrukia, akampiga ngumi, akamng'ata mkono. Saadia hakuuvuta. Lile neno mama lilimchoma kuliko meno, maana halikuwa lake.

Afaf akaja mbio, macho yamemtoka. "Yarabi! Mtoto mpole huyu, amepandwa na shetani?"

"Muwache," Saadia alisema. "Muwache alie."

Hamid alipokuja kula alisema leso zimejaa dukani, atamletea mpya. Nabiha alilia mpaka sauti ikamkauka, kichwa mapajani pa Saadia, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukilaza.

"Nisamehe, mwanangu. Sikujua," Saadia alimwambia.

Alasiri akampikia uji. Nabiha akaonja, akakunja uso, akalisukuma bakuli uji ukamwagika mkekani.

"Mwepesi huu! Sitaki! Mama hupika mzito. Nenda kapike mwengine!"

Hakuomba radhi. Alimkazia Saadia macho yake mekundu, anasubiri.

Saadia aliinuka mbio akaenda kukuna nazi, machozi yanamdondokea mikononi, na mwenyewe hajui ni ya uchungu au ya furaha. "Mzito vipi?" aliuliza kutoka jikoni. "Nielekeze."

Kisha akasikia nyayo ndogo zikija, na Nabiha akasimama mlangoni, leso shingoni, uso umevimba.

"Tia tui la kwanza," alisema kwa hasira. "Na usikoroge hivyo."