Siku Mwaja Alipokalia Kigoda

Tusidanganyane: Mwaja aliipenda kazi ya utemi. Kaka yake alipokufa, mrithi, Ndahani, alikuwa bado ananyonya, na wazee wa ukoo wakamwambia yeye, shangazi mtu, ashike nchi mpaka mtoto apite jandoni. Akashika kweli. Aliamua kesi za ng'ombe na za wake waliotoroka, alitunza mawe ya kuombea mvua, alibishana na maakida wa Mjerumani mpaka wakatamani kuondoka bila kula. Lakini kigoda cha utemi hakukikalia hata mara moja. Kilikaa kitupu mlangoni pa tembe, naye alitandika ngozi ya ng'ombe chini, pembeni yake, akaketi hapo. Mgogo yeyote akiona vile alijua: huyu mama ameshika tu, mwenyewe anakua.

Wapo waliomsema. Matonya, binamu yake, kila akilewa pombe ya uwele alirudia yale yale: "Ngojeni tu. Iko siku atapanda." Watu wanacheka, Mwaja naye anacheka, ila kicheko kinamkwama. Maana mwaka uliopita Ndahani alikuwa tayari kwa jando, na ni yeye Mwaja aliyewaambia wazee mtoto bado mwembamba, tungoje kidogo. Mwembamba! Kijana alikuwa anaangusha fahali kwa pembe. Mwaja alijua alichofanya, na kilimuuma.

Mwaka huu hakuwa na la kusema. Ndahani alitoka jandoni kifua mbele, na wazee wakapanga kumkalisha kigodani baada ya mavuno.

Basi mvua ikanyesha. Wanaume wote wenye nguvu walikuwa wamepelekwa relini, upande wa Ipagala, wanabeba udongo wa tuta la Mjerumani, na mashamba yanangoja jembe. Mwaja alikuwa anapanga kwenda kuwaombea ruhusa kwa adabu, kwa mbuzi, kwa maneno ya kuzungusha kama alivyozoea. Ndahani hakungoja. Alikwenda peke yake, akapanda juu ya tuta, akapiga kelele kwa Kigogo: "Mtemi anasema rudini mkalime!" Wakatupa vikapu, wakarudi wote.

Alifika nyumbani anacheka. "Shangazi, umeona? Neno moja tu!"

"Nimeona, baba," alisema Mwaja, huku anaitazama njia ya Ipagala.

Kulipokucha, bwana mkubwa wa Kijerumani alikuwa uwanjani na askari wake. Hakushuka kwenye nyumbu. Mkalimani wake, Shaaban, Mrangi wa Kondoa, hakujua Kigogo. Alizungumza Kiswahili, na pale uwanjani aliyekielewa ni Mwaja peke yake, aliyejifunza kwa kugombana na maakida.

"Mama," Shaaban alisema, "watu wa relini wamesema ni neno la mtemi lililowatoa. Bwana anauliza mtemi ni nani. Huyo anapelekwa Mpwapwa kunyongwa."

Katika maneno yote yale watu walishika moja tu, mtemi. Ndahani, aliyesimama karibu na zizi, alilishika pia. Mwaja alimwona ananyoosha shingo na kuanza kusogea mbele, anatabasamu. Kijana mpumbavu, mzuri, mwana wa kaka yake! Alidhani anaitwa kusalimiwa.

Mwaja akainuka kwenye ngozi, akaketi kigodani.

Lo! Wanawake walijishika vinywa. Mrithi yuko hai, amepita jandoni, amesimama pale pale anatazama, na shangazi amekalia kigoda chake!

"Mtemi ni mimi," alisema Mwaja, kwa Kigogo kwanza, kisha kwa Kiswahili. "Neno lilikuwa langu."

Shaaban alimsogelea. "Mama, nikishalitafsiri, sina namna ya kulirudisha."

"Tafsiri, mwanangu."

Na neno lile, la kwamba mtemi ni yeye, ole wake, lilikuwa tamu mdomoni. Miaka yote ya kukaa chini, kumbe kigoda kilikuwa kinamwenea. Alitamani lisiwe tamu. Alitamani afe kwa ajili ya mtoto tu, bila kujipa kitu chochote, lakini hakuweza kujidanganya.

"Si niliwaambia?" Matonya alifoka. "Si niliwaambia huyu mwanamke?" Safari hii hakuna aliyecheka. Wazee waliomwamini Mwaja siku zote walitazama chini.

Askari wakamtia mnyororo shingoni, wakamwongoza nje. Ndahani hakuuelewa mnyororo ule. Macho yake yalikuwa bado kwenye kigoda. Mwaja alipopitishwa karibu na zizi, kijana alipiga kelele, sauti imemvunjika.

"Kumbe ndiyo maana ulinichelewesha! Shangazi! Umenilea mgongoni mwako ili uninyang'anye?"

Mwaja alitaka kugeuka. Alikuwa hajawahi kutaka kitu namna ile. Lakini mtoto yule aliusoma uso wake tangu hajajua kusema. Angeutazama mara moja tu angeelewa, na akielewa, angemkimbilia yule bwana na kusema ukweli. Baadaye watakaoleta habari kutoka Mpwapwa watamweleza, kamba ikishamaliza kazi yake. Leo asijue. Akaikaza shingo ndani ya chuma na kushika njia ya Mpwapwa, huku nyuma Ndahani anamlaani kwa jina lake na kwa jina la marehemu kaka yake, naye Mwaja anaomba moyoni kijana asinyamaze.