Kijiko Kisicho na Sukari

Ngli, ngli, ngli. Kijiko kiligonga kuta za kikombe cha bati kabla hakujapambazuka, na jogoo wa jirani, ambaye alidhani kazi ya kuamsha watu ni yake, akawa amechelewa tena.

Bibi alikoroga kulia, akakoroga kushoto, akamalizia kwa kugonga ukingo wa kikombe, kama afanyavyo mtu aliyetia sukari ya kutosha. Humo ndani hamkuwa na sukari hata punje. Daktari alikuwa amemkataza Babu sukari, na Babu akaapa kwamba heri afe na mdomo mtamu. Bibi hakubishana naye, maana kubishana na mzee yule ni kumpigia mbuzi gitaa. Alipunguza taratibu. Kijiko kikawa nusu, nusu ikawa robo, mwisho ikabaki kelele tupu. Na kila asubuhi Babu alikunywa, akafuta masharubu, akasema, "Hii ndiyo chai."

Babu alikuwa fundi viatu mstaafu, ingawa mdomo wake ulikuwa haujastaafu. Koti lake la kazi bado alilivaa mchana kutwa. Usiku lilining'inia msumarini sebuleni, likinuka gundi, na sisimizi walilipenda ajabu. Bibi alidhani wanafuata gundi.

Matata yalianza siku Dodosa alipowahi kuamka. Huyu alikuwa mjukuu wao, yuko kidato cha tatu, na jina hilo alipewa na Babu kwa sababu tangu aote meno hajaacha kuuliza maswali. Alisimama mlangoni mwa jiko na shuka lake mabegani, akatazama kikombe, akatazama kopo la sukari lililofunikwa kule juu ya kabati.

"Bibi, unakoroga nini?"

Bibi hakuzoea kumdanganya mtoto, mazoezi yake yote yalikuwa kwa mume. Akamweleza. Dodosa hakucheka. Macho yalimng'aa kama paka aliyesikia samaki anaparwa magamba.

Kumbe kulikuwa na mashindano ya shule. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandika pendekezo la utafiti, yaani aseme anataka kujua nini na atakijuaje. Watakaochaguliwa wangekaa likizo nzima kwenye maabara ya chuo, na Dodosa alikuwa ameitamani maabara ile tangu siku alipochungulia dirishani mlinzi akamfukuza. Wenzake waliandika juu ya udongo na tabianchi, kwa maneno marefu kama treni ya mizigo. Yeye aliandika swali moja: je, mlio wa kijiko unaweza kuifanya chai isiyo na sukari iwe tamu mdomoni mwa mnywaji?

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia mjukuu wake kwamba akimtaja Babu atamvunjia nyumba. Hakuogopa kelele, kelele za Babu alikwisha kuzizoea kama mvua juu ya bati. Aliogopa kwamba siku moja mzee atakitazama kikombe na kuona mkono wa mwongo nyuma yake. Dodosa akaahidi kuficha. Akamsomea: "Mzee mmoja, fundi viatu mstaafu, mbishi."

Bibi alimwambia afute hilo la mbishi. Dodosa akafuta, akaandika "mwenye msimamo".

Siku ya mashindano kila mshiriki aliruhusiwa kuonyesha jaribio dogo. Dodosa alipanga majaji wawili wapewe chai ileile kavu, bila sukari, mmoja akorogewe kwa mlio, mwingine asikorogewe, kisha kila mmoja aseme ilivyo tamu. Alimsihi Bibi asitie sukari, na Bibi akaitikia kwa moyo safi. Lakini chai ilipokuwa inaingia kwenye chupa, aliwafikiria wale majaji. Watu wazima, wageni, wameacha shughuli zao kuja kusikiliza watoto wa wenzao, halafu wapewe chai kavu iliyotoka jikoni kwake? Mkono ulikwenda kabatini wenyewe. Vijiko viwili tu, vya heshima. Mtoto hatajua.

Chupa aliibeba Babu. Alikuwa ameambiwa tu kwamba Dodosa atazungumzia chai, na kwa maoni yake hapakuwa na mazungumzo ya chai duniani yasiyomhitaji yeye.

Ukumbi ulijaa. Jaji mkuu alikuwa mama wa maabara, miwani kaipandisha kwenye paji la uso kana kwamba ubongo ndio usioona vizuri. Mwenzake alikuwa mwalimu mzee wa hesabu. Dodosa alisimama wima, akasoma swali lake bila kutetemeka, akamimina. Kikombe cha mama wa maabara akakikoroga kwa mlio. Cha mwalimu hakukigusa.

Mwalimu alionja, akafumba jicho moja.

"Binti, hii ni chai au ni asali iliyochemka?"

Watu wakacheka. Dodosa alionja chai yake mwenyewe, na uso ukamshuka. Jaribio lilikuwa limekufa pale pale, na likizo ya maabara nayo. Bibi hakuweza kuvumilia. Akasimama kule nyuma na kukiri kwamba yeye ndiye aliyetia, vijiko viwili, kwa kuwaonea huruma wageni.

Mama wa maabara alionja tena, akashusha miwani. "Mama yangu, nisamehe. Hii si ya vijiko viwili."

Bibi alimtazama Babu. Babu alikuwa anakagua dari. Mkono wake umefunika mfuko wa koti, na juu ya vidole vyake sisimizi wawili walikuwa wanapanda bila haraka, kama watu wanaokwenda kwao.

"Mzee."

"Niliwahurumia," Babu alisema. "Pale kwenye varanda nikaongeza kidogo. Chai ya mke wangu naijua mimi. Haina sukari."

Bibi alishika kiti cha mbele yake. "Ulijua?"

"Tangu mwanzo."

"Sasa mbona ulinyamaza siku zote?"

"Ningesema, ungeacha kukoroga." Babu alijikuna masharubu. "Nikiwa kitandani nikisikia kile kijiko, najua umeamka mzima."

Bibi alikaa chini taratibu, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Lakini Dodosa hakuwa na nafasi ya kulia.

"Babu, asubuhi huwa unatia sukari ya mfukoni?"

"Asubuhi koti liko msumarini. Ya mfukoni ni ya kulamba mchana." Hapo aligundua amejichongea, ila maji yalikwisha kumwagika.

"Kwa hiyo unajua haina sukari. Na ukinywa, inakuwaje?"

Babu alifungua mdomo ajibu upesi kama kawaida yake, akaufunga. Alifikiri, jambo ambalo Bibi hakuwahi kuliona likifanyika hadharani.

"Tamu," alisema. "Wallahi ni tamu."

Mama wa maabara alikuwa tayari anaandika. Alimwambia Dodosa kwamba jaribio lake limeharibiwa na wema, lakini sasa ana swali bora kuliko la kwanza. Aliandike upya, na yeye mwenyewe atakuja kusikia hicho kijiko kabla ya kuamua.

Alikuja kweli, alfajiri, na tochi yake. Alisaidia kuwasha jiko bila kuombwa, na Bibi akaliona hilo. Mfuko wa koti ulikuwa umeshashonwa ukazibwa kwa uzi wa viatu. Bibi alikoroga chai kavu mpaka jogoo akakata tamaa, Babu akanywa, akafuta masharubu, akasema lile neno lake. Mgeni alinywa ya kwake, akalamba midomo, kisha akamwambia Dodosa afungashe nguo za likizo.

Babu alimsindikiza mgeni mpaka mlangoni.

"Uje tena, mwanangu," alimwambia. "Leo kijiko kimelia sana."