Dari ya Chumba cha Mama Mkwe

Kaluki hakuwa mtu wa kulala mchana. Kwao Mbooni, kwenye baridi ya milima, alikuwa akipanda na kushuka shambani tangu alfajiri, na kidonda kilipomtokea mguuni alitembea nacho hadi kikaanza kunuka. Ndipo binti yake Mutindi alipokwenda kumchukua, akamleta kwake Mutomo, karibu na hospitali. Daktari alimpa agizo moja: mama alale, mguu uinuliwe juu ya mto, mpaka nyama mpya iote.

Hakuweza kulala katika nyumba ya mkwewe. Kwa Wakamba, mama mkwe na mume wa binti yake hutenganishwa na nthoni, ile heshima yenye haya: hawali pamoja, hawashikani mikono, hata njiani hupishana kwa mbali. Kwa hiyo Jonah, mume wa Mutindi, fundi wa pampu za maji, alimjengea chumba cha peke yake nyuma ya nyumba. Kuta zilikuwa za matofali, juu mabati mapya, na chini ya mabati dari ya bodi nyembamba. Alijivunia chumba kile.

Lakini ulikuwa mwezi wa Februari, mwaka wa themanini na saba, na Mutomo ilikuwa ikiungua. Jua lilipopanda, mabati yalianza kualika kwa joto, ta, ta. Kufikia adhuhuri joto lilishuka kupitia ile bodi kana kwamba haipo, na chumba kikawa kama tanuri la matofali.

Kaluki akilala, anaketi. Akiketi, anasimama. Mutindi akigeuka kupepeta mahindi, akirudi anakuta kitanda kitupu. Mama yuko nje na fimbo yake, mara kwenye kivuli cha jirani, mara kwenye mto mkavu, bendeji imejaa vumbi.

"Mama, daktari alisema nini?"

"Huyo daktari amewahi kulala humu ndani?"

Mutindi naye hakutulia tena. Hakushona, hakupika vizuri, masikio yake yalikuwa mlangoni siku nzima. Asubuhi moja alimkuta mama amefunga nguo zake kwenye leso.

"Narudi Mbooni. Kama ni kufa, nitafia kwenye upepo."

Jonah alipoambiwa, alimtuma Mutindi amwombe mama angoje siku chache. Kesho yake alipanda lori la kwenda Kitui, akaingia duka la vifaa vya ujenzi, akauliza dawa ya mabati yanayochoma. Muuzaji akamwonyesha mablanketi manene ya manjano yaliyoviringishwa.

"Hii ni pamba ya glasi. Tandaza juu ya dari, joto la mabati halitashuka. Lakini uvae mikono mirefu, ufunge pua na mdomo. Usiichezee, si pamba ya mto hii."

Jumamosi walianza mapema. Kaluki aliketishwa jikoni, mguu juu ya kiti. Jonah aling'oa bodi ya pembeni, akapanda juu ya meza, akajipenyeza darini. Mutindi alimpitishia pamba kipande kwa kipande, naye akaitandaza katikati ya mbao, akitambaa kwa magoti chini ya mabati yaliyozidi kupata moto. Muda si muda akavua shati.

"Jonah, vaa shati!"

"Njoo ulivae wewe huku juu!"

Kipande cha mwisho kilipopanda, Mutindi akachukua debe akaenda kuteka maji kwenye tangi la kanisa. Hapo ndipo mwasho ulipomshika Jonah. Ulianzia mikononi, ukapanda shingoni, ukaenea kifuani. Alijikuna, ukazidi. Alijipinda kujikuna mgongo, goti likakosa ubao, bodi ikapasuka. Miguu yake ikaning'inia chumbani na kifua kikabanwa kati ya mbao mbili.

"Mutindi! Mutindi!"

Aliyesikia ni Kaluki. Alikokota mguu hadi mlangoni pa chumba chake, akaona miguu ya mkwewe ikitapatapa hewani, akageuza uso haraka. Yote aliyofunzwa tangu usichana yalimwambia arudi jikoni. Naye pia akaita, "Mutindi!" Hakuna jibu. Kisha Jonah akaacha kuita. Kimya hicho ndicho kilichomwingiza ndani.

Alitupa fimbo, akaisukuma meza kwa nyonga mpaka ikafika chini yake. Akashika kifundo kimoja cha mguu, akakiweka mezani, kisha cha pili.

"Kanyaga, baba. Mimi siangalii."

"Asante, mama," Jonah akasema, akijichomoa kati ya mbao. Yalikuwa maneno yao ya kwanza bila mtu katikati.

Mutindi aliporudi alimkuta mama ameketi sakafuni, damu imelowesha bendeji, na mumewe juu ya meza, kifua wazi, ameelekea ukutani.

"Mpe shati lake kwanza," Kaluki akasema.

Hospitalini muuguzi aliwagombeza wote. Kidonda kilikuwa kimefunguka upya, na mama akaongezewa majuma ya kulala. Jonah alijikuna siku mbili, kisha akapanda tena, safari hii amevaa koti la mvua na kitambaa usoni, akarudishia pamba iliyoanguka, akaziba tundu kwa gunia.

Mchana wa kwanza baada ya kazi hiyo, mabati yalialika kama kawaida, lakini chini yake mtu aliweza kuvuta pumzi. Kaluki alilalamika kwamba bado hakuna upepo, akageukia ukuta, akasinzia.

Mutindi alishindwa kukaa. Alishona mshono mmoja, akaenda mlangoni kutazama kama blanketi linapanda na kushuka. Akarudi, akashona, akaenda tena. Jonah alipotoka kazini alimkuta amesimama pale.

"Mama yuko?"

"Amelala."

"Mpaka sasa? Una hakika anapumua?"

Wakasimama wote wawili juani, wakisikiliza.

"Nyinyi wawili," sauti ikatoka ndani, "tokeni mlangoni. Mnanizibia hewa."

Jonah aliruka nyuma, karibu akimbie. Kisha akasafisha koo.

"Ndiyo, mama," akajibu.