Feni Iliyopuliza Kinyume

Gari la marehemu mzee lilikuwa na ukorofi mmoja: likikimbia halina neno, likisimama linachemka. Lilikuwa gari la mbio la zamani, la viti viwili, na bintiye, fundi magari, aliapa litampeleka mpwawe kwenye harusi. Alilifungia feni ya umeme nyuma ya rejeta, akaizungushia bati ili hewa yote ipite humo. Jana aliliacha likiunguruma gereji mpaka chai yake ikapoa, na mshale wa joto haukutikisika.

Sasa walikuwa wamekwama kwenye kivuko cha reli, treni ya mizigo ikijikokota mbele yao, na mshale ulikuwa unapanda.

"Shangazi, mbona kuna harufu?" bibi harusi aliuliza, akilikusanya gauni mapajani.

"Tulia, mwanangu."

Lakini yeye mwenyewe hakutulia. Feni aliisikia ikivuma. Kwa nini basi joto lisishuke? Mvuke mwembamba ukachungulia pembeni mwa boneti.

Kaka yake, baba wa bibi harusi, alishuka gari la nyuma akaja mbio, tai begani.

"Nilikwambia tukodi gari! Zima!"

"Nikizima na joto hili, petroli itachemka kwenye bomba. Haliwaki tena."

Alifungua boneti. Kaka akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Fundi akaupiga kofi.

"Unataka kumkabidhi binti na uso wa malengelenge?"

Nyuma yao honi zililia. Mshale ulikuwa umegusa wekundu. Fundi alichukua leso ya bibi harusi akaisogeza mbele ya rejeta. Feni ilipaswa kuivuta ing'ang'anie. Badala yake leso ilipeperuka, ikamrudia usoni na pumzi ya moto.

Akakumbuka. Asubuhi aliifungua feni aipake rangi, ipendeze kwenye picha. Akairudisha kwa pupa. Waya mbili, zote nyeusi.

"Inazunguka kinyume," alisema. "Nimekosea mimi, kaka. Nishikie boneti."

Kaka akaishika. Fundi akapenyeza mkono kando ya bomba la moto, akachomoa waya, bomba likamuunguza kifundo cha mkono. Aliuma meno. Akazibadilisha, akazichomeka. Feni ikasita, kisha ikavuma upya. Safari hii leso ikanasa kwenye rejeta kama imegundishwa.

"Mshale?" alipaza sauti.

Bibi harusi aliinamia dashibodi. "Bado uko pale pale."

Behewa la mwisho likapita. Kizuizi kikaanza kuinuka.

"Shangazi! Unashuka! Unashuka kweli!"

Kaka aliteremsha boneti taratibu, akautazama mkono wa dada yake uliokuwa umeshaanza kuvimba. Akavua tai, akailowesha maji ya chupa, akamfunga.

"Endesha," alisema. "Mimi niko nyuma yenu."